Visawe katika Utambulisho wa Kompyuta

Skripti haiitazami mashine. Huuliza mfumo endeshi, nao hujibu kwa msamiati wake. Katika mifumo ya jamii ya Unix swali hilo huulizwa kwa amri uname. Katika lugha ya Python hutumika platform.system() na platform.machine(). Tatizo kubwa ni la visawe. Prosesa ya aina moja huitwa x86_64 katika Linux na AMD64 katika Windows. Nyingine huitwa aarch64 katika Linux, ilhali macOS huiita arm64. (Tofauti hizi ni za kilahaja tu, si za maana.) Skripti inayolinganisha majina herufi kwa herufi huweza kuikataa mashine inayofaa. Hivyo mwandishi wake hana budi kuviweka visawe chini ya kidahizo kimoja, kama afanyavyo mtunga kamusi.

Hata hivyo, kuna majibu yasiyorekebishwa kwa kamusi. Programu inayotafsiriwa na Rosetta 2, iliyotolewa mwaka 2020, huambiwa x86_64 ingawa prosesa yenyewe ni arm64. Nayo Windows 11, ya mwaka 2021, hujitaja kuwa toleo 10.0, hutofautishwa na Windows 10 kwa namba ya ujenzi, inayoanzia 22000.