Pikapu Ikinywa Mafuta, Tupime Kabla ya Kumtuhumu Dereva

Familia nyingi za Handeni na Korogwe hupata riziki kwa pikapu. Dizeli ikiisha upesi, tuhuma humwangukia dereva. Tupime kwanza. Tujaze tangi, tubebe mzigo wa kawaida, tutoke Handeni hadi Korogwe na kurudi, takriban kilomita 130, kisha tujaze tena kwenye pampu ileile. Kilomita tuzigawe kwa lita zilizoingia. Matumizi yakiwa makubwa nasi tumo garini, kosa ni la chombo. Moshi mweusi huashiria chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu. Ringi yenye joto kuliko nyingine, breki inayong'ang'ania. Tairi lenye upepo mdogo nalo huilemea injini. Hayo fundi huyatengeneza. Heshima ya mtu iliyovunjwa kwa dhana haina spea.