Mafuta Ndani ya Kitako

Askari wengi wa wanyamapori huegesha bunduki mtutu ukitazama juu. Mafuta ya kusafishia huteremka polepole na kuingia kwenye kitako, pale pale chuma kilipoegemea. Huko ndiko liliko tandiko, yaani tabaka gumu la epoksi ambalo fundi hulimwaga kati ya chuma na mbao ili vishikane pasipo mwanya. Mbao ikishiba mafuta, tandiko hubanduka, na bunduki iliyokuwa ikilenga sawasawa huanza kutawanya risasi.

Mkoani Morogoro, kitako kina adui wa pili: unyevu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kama Kinole na Matombo, hupokea pepo za Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi kuliko mjini. Mbao hunyonya unyevu ikavimba kwa upana. Kwa urefu haibadiliki sana. Kiangazi hunywea tena. Mninga hunywea kidogo mno ukikauka, na kwa kitako ningeuchagua kabla ya mpingo, ambao uzito wake ungemchosha askari kabla hajamaliza doria ya Mikumi.

Kulipima tandiko ni rahisi. Baada ya kuhakikisha bunduki haina risasi, weka kidole kwenye mpaka wa mtutu na mbao, kisha legeza skrubu ya mbele. Ukihisi chuma kinanyanyuka, kilikuwa kimepindwa kwa nguvu ya skrubu. Kutoka hapo kazi ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na si kila fundi chuma anaruhusiwa kugusa bunduki.

Kosa la mafundi wenye haraka ni kumwaga epoksi mpya juu ya ile kuukuu. Epoksi haishiki kwenye mafuta. Kwanza ikwanguliwe epoksi yote iliyolegea, kisha mbao ipakwe uji wa unga wa chaki na asetoni. Ukikauka, unga huvuta mafuta na kugeuka rangi. Unapanguswa na kupakwa upya, hadi utoke mweupe. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayoamua yote yanayofuata.

Chuma nacho hupakwa nta, au hata rangi ya viatu, kisinase milele. Matundu huzibwa kwa udongo laini wa kufinyangia. Chini ya chemba kuna kigingi kinachopokea teke la bunduki, na kwa bunduki ya kaliba .458 teke hilo si la mchezo. Kigingi kiguse tandiko kwa nyuma tu. Mbele, pembeni na chini kibandikwe selotepu ili pabaki mwanya. Skrubu zishikilie bila kukaza, epoksi iachwe walau saa 24, na mbao yote iliyo wazi ndani ya kitako ipakwe vanishi kabla mvua za masika hazijaanza.