Si kila mtukutiko ni kifafa

KATIKA makala haya ninanuia kutofautisha maneno matatu yanayochanganywa mno katika tafsiri za kitabibu: kifafa, degedege na mtukutiko. Mfano wangu ni oksijeni.

Naam, oksijeni hii hii tunayoivuta! Mnamo 1878 mwanafiziolojia Mfaransa, Paul Bert, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba oksijeni yenye shinikizo kubwa huwatukutisha wanyama. Siku hizi baadhi ya wagonjwa, mathalani walioathiriwa na sumu ya kaboni monoksidi, hupewa oksijeni tupu katika chumba maalumu chenye shinikizo mara 2 hadi 3 ya lile la kawaida. Wachache mno hukakamaa na kutukutika.

Je, wana kifafa? La hasha! Kifafa ni ugonjwa. Ubongo huwa na mwelekeo wa kudumu wa kuzua mitukutiko. Hawa wakiondolewa oksijeni hiyo, kwa kawaida hali hutulia. Wala si degedege, neno tunalolitumia hasa kwa watoto wadogo wenye homa kali.

Hebu tutazame kiini chake. Seli za neva hupashana habari kwa kemikali zinazotua kwenye vipokezi. (Kitenzi 'pokea' huzaa 'kipokezi' jinsi 'lea' huzaa 'mlezi'.) Kemikali iitwayo glutamati huchochea seli, gaba huzituliza. Oksijeni ya shinikizo kubwa hupunguza gaba, basi ubongo ukawa kama matatu iliyokatika breki mteremkoni. Diazepamu hukiongezea nguvu kipokezi cha gaba, na katika majaribio ya wanyama imechelewesha mitukutiko.

Lakini kuzima king'ora si kuzima moto. Dawa inaweza kuuficha mtukutiko ilhali oksijeni inaendelea kudhuru. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya tabibu ni kumwondolea mgonjwa oksijeni hiyo.

Mtukutiko, basi, ni dalili. Kifafa ni ugonjwa. Mfasiri akiandika kwenye fomu ya idhini kwamba tiba hii 'huleta kifafa', mgonjwa atakataa kutia sahihi, na nani atamlaumu? Katika jamii zetu mwenye kifafa bado hutengwa, hunyimwa kazi, hata mchumba. Andika 'inaweza kusababisha mtukutiko wa muda'. Ni maneno machache tu, lakini huenda yakaokoa maisha.