Mguu ukiteguka usikimbilie kukandwa

Tuseme ni Jumamosi alasiri nawe umetoka mjini kuwaona wazee huko Kamukuywa. Kijana wenu anacheza kandanda. Anaruka kuupiga mpira kwa kichwa, anatua vibaya, na kifundo cha mguu kinapinduka. Kabla refa hajapuliza kipenga, watu watatu wamekwisha kumzunguka. Mmoja anamvua kiatu. Wa pili ametuma mtoto alete maji moto yenye chumvi. Wa tatu ana kichupa cha mafuta ya kukandia mfukoni. Dakika kumi baadaye mguu unavutwa, unazungushwa na kusuguliwa, naye kijana anapiga mayowe huku akiambiwa ajikaze, kwani yeye ni mwanamume.

Msomaji, hayo umeyaona mara nyingi. Huenda hata wewe umewahi kuushika mguu wa aina hiyo ukidhani unasaidia. Makala haya hayasemi kwamba kukanda ni kubaya. Kukanda ni tiba ya zamani na yenye faida. Lakini tiba hiyo ina wakati wake, na wakati huo si dakika kumi baada ya ajali.

Kamukuywa ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Hapo hupita malori, matatu na bodaboda mchana na usiku. Mahindi hupakiwa kwenye malori kwa migongo ya vijana, nalo gunia la kilo 90 halimwonei mtu huruma. Viungo huteguka, misuli huchanika na migongo hukaza. Anayetaka kupigwa picha ya eksirei mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Kimilili, Webuye au Kitale, kwa nauli yake mwenyewe. Mkandaji yuko karibu na malipo yake ni madogo. Si ajabu basi kwamba wengi huanzia kwake. Hatari ni kuanzia kwake kabla ya kujua kama mfupa umevunjika.

Kinachotokea ndani

Kiungo kinapoteguka, kano zinazoshikanisha mifupa huvutika au hukatika. Mishipa midogo ya damu hupasuka, damu huvuja ndani ya nyama na mahali hapo huvimba. Mwili huanza mara moja kuiziba mishipa hiyo na kuanza matengenezo. Ukiukanda mguu kwa nguvu wakati huo, unaifungua mishipa iliyokuwa ikijiziba. Damu huvuja zaidi, uvimbe huongezeka na kupona huchelewa. Maji moto nayo huitanua mishipa na kuleta matokeo hayo hayo.

Ikiwa mfupa umevunjika, mambo huwa mabaya zaidi. Kuvuta na kuzungusha kunaweza kuitenganisha mifupa iliyokuwa bado imekaa sawa, au kuifanya ncha yake ikate mshipa wa damu au wa fahamu. Jeraha lililohitaji plasta ya wiki sita linaweza kugeuka kuwa upasuaji.

Chunguza kabla ya kugusa

Mwaka wa 1992, madaktari wa mji wa Ottawa nchini Kanada walitangaza kanuni rahisi ya kupima kifundo cha mguu kilichoumia. Kanuni hiyo hutumika duniani kote hadi leo, na inaweza kukusaidia hata uwanjani.

Kwanza, mwambie aliyeumia ajaribu kutembea hatua nne. Kuchechemea kunahesabika. Asipoweza kabisa, apelekwe akapigwe picha. Pili, bonyeza taratibu kwa kidole yale mafundo mawili ya mfupa, la ndani na la nje, hasa kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma. Tatu, bonyeza ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, pale mfupa unapotokeza. Nne, bonyeza upande wa ndani wa wayo, mbele ya kifundo. Akiumia mojawapo ya sehemu hizo za mfupa unapombonyeza, usimkande, mpeleke hospitali.

Kwa kiungo chochote kingine, tumia macho yako. Je, kimepinda au kimefupika kuliko mwenzake? Je, vidole vimepoa, vimebadilika rangi au vina ganzi? Je, mfupa umechomoka kiungoni, kwa mfano begani? Kama ndivyo, usikivute wala usijaribu kukirudisha. Kifunge kwa gango au kanga kama kilivyo, kisha utafute gari.

Siku tatu za kwanza

Katika saa 72 za mwanzo, kazi yako ni kulinda. Mpumzishe aliyeumia kwa siku moja hadi tatu. Uinue mguu juu ya mito, upite usawa wa moyo. Ufunge kwa bendeji ya kunyumbulika kuanzia vidoleni kwenda juu, lakini usikaze mno. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa baridi, fungua mara moja. Kufunga kwa kukaza kumewahi kuwapotezea watu mikono na miguu, hasa kunapofanywa kwa vipande vya mbao juu ya kiungo kinachoendelea kuvimba.

Na barafu je? Daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza mwaka wa 1978 ushauri wa kupumzika, kutumia barafu, kufunga na kuinua. Mwaka wa 2014 daktari huyo huyo alikiri kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu inazuia kazi ya mwili ya kujitengeneza. Siku hizi barafu huchukuliwa kuwa dawa ya kutuliza maumivu tu. Ukiitumia, izungushie kitambaa na usizidishe dakika 10 hadi 20 kwa mara moja. Usipoipata, hujapoteza kitu kikubwa.

Mambo manne ni mwiko katika siku hizo: joto, pombe, kukimbia na kukandwa. Busaa na chang'aa hazipunguzi maumivu bila gharama. Pombe huongeza uvimbe, na mlevi hukanyagia mguu ambao angepaswa kuupumzisha. Hata zile dawa za kupaka zinazowasha kama pilipili, ziache kabatini kwanza.

Namna ya kukanda

Baada ya siku tatu hivi, uvimbe ukiwa umeanza kupungua na mgonjwa akiweza kukanyaga kidogo, mkono sasa una kazi. Nawa, kata kucha, na upake mafuta ya kawaida, hata ya kupikia. Mafuta hayaponyi, kazi yake ni kuufanya mkono uteleze. Mlaze mgonjwa, mguu ukiwa juu ya mto.

Anza kwa kupapasa. Tumia kiganja kizima, polepole, kutoka vidoleni kuelekea gotini. Mwelekeo ni mmoja tu: kwenda upande wa moyo, kwa sababu maji ya uvimbe yanahitaji kurudi huko. Anzia juu ya jeraha, kwenye shavu la mguu, kisha ushuke hatua kwa hatua hadi kwenye kifundo chenyewe. Dakika tano zatosha mwanzoni.

Fuata kwa kukanda msuli wa shavu la mguu, jinsi ukandavyo unga wa chapati, ukiuinua na kuuachilia. Mwisho, siku kadhaa baadaye, waweza kusugua kano iliyoumia kwa ncha ya kidole, ukipita juu yake kwa upande kama mtu anayepiga uzi wa gita. Fanya hivyo kwa dakika mbili tatu tu.

Kipimo cha nguvu anacho mgonjwa, si mkandaji. Mwambie ayape maumivu alama kuanzia sifuri hadi kumi. Yakipita nne, punguza. Yakiwa makali kama kisu, acha. Ile imani kwamba kukandwa kusipouma hakuponyi haina msingi. Mgonjwa anayekaza meno hukaza na misuli, nawe unabaki kupigana na msuli ulionuia kuulegeza.

Kisha jambo ambalo wengi husahau: mwendo. Baada ya kukandwa, achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kuanzia A hadi Z. Akipata nafuu, asimame kwa mguu mmoja wakati anapopiga mswaki. Mazoezi haya ya mizani ndiyo yanayozuia kifundo kisiteguke tena. Kukanda hulegeza, lakini kinachoimarisha ni zoezi.

Mahali pasipokandwa

Kuna hali ambazo mkono wa mkandaji unaweza kuleta ulemavu, hata kifo. Zikariri.

Shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, hasa baada ya kulazwa kitandani, kufungwa plasta, kujifungua au safari ndefu. Huenda kuna bonge la damu ndani ya mshipa. Ukilikanda laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kumwua mtu kwa dakika chache.

Paja lililopigwa kwa nguvu likavilia damu. Ukilisugua sana, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na mguu ukashindwa kukunjika.

Kiwiko cha mtoto. Huyu aliyeanguka kutoka mwembeni ndiye anayeponzwa na kukandwa kuliko wote. Mifupa ya hapo huvunjika kwa urahisi, na kukivutavuta kiwiko kila asubuhi kwa maji moto huweza kukifanya kikauke, mkono usikunjuke tena. Mtoto aliyeumia kiwiko apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usikande pia penye jipu, wekundu na homa. Penye kidonda au palipoungua. Penye uvimbe usiojulikana chanzo chake. Wala sehemu ya mbele ya shingo. Shingo isipindishwe ili ilie. Anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande amwone daktari kwanza. Naye mpakiaji aliyeumia mgongo, akihisi ganzi katikati ya mapaja au akishindwa kuzuia mkojo, hana haja na mkandaji. Ni dharura, na asisubiri hadi asubuhi.

Je, kukandwa huzuia kuumia?

Wachezaji wengi huamini kwamba kukandwa kabla ya mchezo huwakinga. Mwaka wa 2020 watafiti wa Uingereza walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 29 uliohusu watu zaidi ya elfu moja. Waliona kwamba kukandwa hupunguza kidogo maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya mazoezi makali, na huongeza unyumbufu kidogo. Hakuongezi mbio wala nguvu. Ile hadithi ya kukamua asidi ya misuli nayo si kweli. Mwili huiondoa wenyewe kwa muda wa saa moja hivi.

Kinga yenye ushahidi ni kupasha mwili moto kwa mpango. Mwaka wa 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa wasichana wanasoka wa Norwe wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Waliofuata mazoezi maalumu ya dakika 20 kabla ya mchezo, yaani kukimbia taratibu, kuimarisha misuli, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka, walipungukiwa na majeraha kwa karibu thuluthi moja. Mazoezi hayo sasa yanaitwa FIFA 11+. Hayahitaji kifaa chochote ila mpira na uwanja, na uwanja wa Kamukuywa wafaa kama wa Oslo.

Mkandaji na hospitali

Wako wakandaji wa kienyeji wenye mikono ya hekima. Utawatambua kwa jambo moja: wanajua kukataa. Mkandaji mzuri akiuona mguu uliopinda husema, "Huu si wangu, upelekeni kwa daktari." Anayedai kuponya kila kitu, mwepuke. Vile vile, ukienda kwa mtu anayejiita mtaalamu wa fiziotherapia, mwulize cheti chake. Tangu sheria ya mwaka wa 2014, wataalamu hao hapa Kenya wanatakiwa wasajiliwe na baraza lao, nawe una haki ya kuuliza.

Turudi uwanjani. Kijana wenu yuko chini, maji moto yanakuja, kichupa cha mafuta kimefunguliwa. Wewe uliyesoma makala haya, waombe watu wasogee. Mwache apumue. Mwombe ajaribu hatua nne, kisha uguse ile mifupa. Akishindwa, lipa nauli hata kama mfuko unalalamika. Ni nafuu kuliko upasuaji. Akiweza, mfunge bendeji, mwinue mguu na umshukuru yule mwenye mafuta. Mwambie akiweke kichupa chake vizuri, kwa sababu siku ya nne mtamhitaji.