Darubini Ndefu na Mizani Yake

Wapimaji wa nafaka huko Kisenyi, mjini Kampala, hawahitaji kuelezwa kwamba jiwe dogo la mizani likisogezwa mbali na mhimili hushinda gunia. Ndivyo ilivyo darubini ndefu ya lenzi. Lenzi nzito imo mbele. Kwa hiyo kitovu cha uzito si katikati ya bomba.

Kwanza hutiwa vyuma vya uzani, maana vyenyewe huning'inia chini kwa utulivu, ndipo bomba lipandishwe. Wakati wa kushusha, bomba hutangulia. Kugeuza utaratibu huu ni kumhatarisha mtoto aliyesimama karibu. Vifaa vyote vya kutazamia vifungwe mapema. Kisha bomba lilazwe, kifungo kilegezwe huku mkono umelishika, lisogezwe ndani ya bangili zake hadi litulie lenyewe. Kwa mhimili wa pili husogezwa vyuma.

Kampala ina jambo lake: iko takriban theluthi moja ya digrii kaskazini mwa Ikweta. Mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya mbingu hulala karibu sambamba na ardhi, na fimbo ya vyuma huweza kugonga miguu ya kitako. Vitako vingine havikuundwa kulala kiasi hicho. Mnunuzi na aulize kabla ya kutoa fedha.