Eliya Chini ya Mretemu

Somo letu la leo limo katika 1 Wafalme, mlango wa 19. Nabii Eliya amemkimbia Yezebeli. Ameketi chini ya mretemu jangwani, naye anamwomba Mungu amtoe roho.

Tuangalie alivyotendewa. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya alipotembea mpaka Horebu. Huko Mungu alimwuliza habari zake, naye akasema yote yaliyokuwa moyoni. Mwisho akapewa Elisha awe mwenzake.

Usingizi, chakula, mwendo, mazungumzo, mwenzi. Hayo yawafaa pia wagonjwa wa akili na waliofungwa na pombe nyumbani mwetu, kutoka Molo mpaka Naivasha, pamoja na dawa za daktari.

Tunasema pamoja na dawa, si badala yake. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka, akiacha ghafula, aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Tusimfungie chumbani tukisema tunamwombea. Tumpeleke hospitali, tumwombee huko huko. Naye anayetumia dawa za akili asiziache kwa kuwa ameombewa akapata nafuu. Azungumze kwanza na daktari. Hospitali ya Gilgil imewatunza wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Kwenda huko si aibu, wala si kumkana Kristo.

Akirudi nyumbani, kazi yetu huanza. Pombe humnyima mtu chakula na usingizi. Basi apikiwe uji wa wimbi, maharagwe na mboga, alale mapema. Jioni, saa ile aliyozoea kwenda kilabuni, ndiyo saa ya hatari. Wazee wamwite shambani saa hiyo, au vijana watembee naye. Apate mtu mmoja wa kumsikiliza asiyetangaza siri.

Je, akianguka tena? Tukumbuke kwamba malaika alirudi kwa Eliya mara ya pili. Nasi tumrudie, tumrudishe kwa daktari, wala tusimfanye mfano mbaya wa mahubiri.

Tuombe. Baba wa mbinguni, utufundishe kuwalisha waliochoka kabla ya kuwahukumu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.