Paswedi ya Nyumba: Nani Abadili, Nani Achungulie?

Mmeamua kuchuja intaneti ya nyumbani kwa ajili ya watoto. Safi sana! Lakini mmeshakaa chini mkakubaliana nani atakuwa anaona nani katembelea wapi?

Waifai ikishaingia ndani ya nyumba, haichagui mtu. Inamhudumia baba, mama, mtoto wa darasa la pili na tableti yake, dada wa kazi, na yule shemeji aliyekuja kwa wiki mbili na sasa anaingia mwezi wa nne. Ndiyo maana wazazi vijana wengi wanaona bora waweke chujio, ili picha chafu na tovuti za kamari na za matapeli ziishie mlangoni.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila simu inapotaka kufungua tovuti, kwanza inauliza anwani yake, kama wewe unavyotafuta namba kwenye kitabu cha simu. Huduma ya kuchuja inakaa hapo kwenye kuuliza: tovuti nzuri inapewa anwani, mbaya inanyimwa. OpenDNS ya Marekani ilianza mwaka 2006, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Cisco. NextDNS ilikuja baadaye kwa mtindo huohuo. Unafungua akaunti, unabadilisha namba fulani kwenye ruta, basi, nyumba nzima imechujwa.

Sasa ujue, akaunti hiyo haizuii tu. Ukiiruhusu, inaandika pia: tovuti gani imeulizwa, saa ngapi na, ukiipanga hivyo, kutoka kifaa gani. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo mambo ya kompyuta yanapogeuka kuwa mambo ya ndoa.

Paswedi moja, watu wawili

Mara nyingi anayefungua akaunti ni yule anayejua kompyuta zaidi. Anatumia baruapepe yake, anaweka paswedi yake, mwenzie anaambiwa tu, "Nimeshaseti." Wiki mbili baadaye fundi wetu yuko Mwanza kikazi, mtoto ana zoezi la shule na tovuti yake imezuiwa kimakosa. Mama anapiga simu, haipokelewi. Anachomoa ruta, anampa mtoto bando la simu yake, na chujio lote limekwisha kazi, maana lile la kwenye ruta halifuati simu inapotoka kwenye waifai.

Wengine wanaona dawa ni kutumiana paswedi kwa SMS. Nayo ina makali yake. Kama paswedi hiyohiyo ndiyo ya baruapepe, umempa ufunguo wa chumba kingine ambacho hukukusudia. Pia mnapoingia wote kwa jina moja, sheria ikibadilishwa hakuna anayejua nani kaibadilisha. "Si mimi." "Basi ni nani, paka?" Na siku mmoja akiibadilisha paswedi kwa hasira, mwingine yuko nje kabisa.

Kila mtu na ufunguo wake

Njia nzuri ni kila mtu kuwa na mlango wake na ruhusa yake. Huduma zinazotoa nafasi hiyo kwa kawaida zina ngazi tatu. Yuko mwenye akaunti, anayelipa na anayeweza kuifuta. Yuko mhariri, anayeweza kuzuia na kufungua tovuti. Halafu yuko mtazamaji, anayeona bila kugusa. Kwenye NextDNS, kwa mfano, unamwalika mwenzio kwa baruapepe yake na unamchagulia: mhariri au mtazamaji. Anaingia kwa paswedi yake, wewe yako huitoi.

Family Link ya Google, ambayo inasimamia simu ya mtoto badala ya ruta, nayo ina mpango wa aina hiyo. Kunakuwa na msimamizi mmoja wa kundi la familia, naye anaweza kumpa mtu mzima mwingine hadhi ya mzazi. Wote wawili wataweza kusimamia akaunti ya mtoto, ila kulifuta kundi kunabaki kwa msimamizi.

Kwa hiyo ukitafuta huduma, usiulize bei tu. Uliza: je, tunaweza kuingia wawili, kila mmoja kwa jina lake?

Kuona ni kuzito kuliko kubadili

Hapa wengi wanajichanganya. Kwa macho ya haraka mhariri ni mkubwa na mtazamaji ni mdogo, si anaangalia tu? Ofisini huenda ni sawa. Nyumbani ni kinyume. Akizuia tovuti ya mpira, mtagombana dakika tano, itafunguliwa, maisha yanaendelea. Lakini anayesoma kumbukumbu anaona kuwa saa nane usiku mwenzie alikuwa anatafuta kazi mkoa mwingine, au kliniki ya magonjwa ya akina mama, au ushauri wa madeni. Hivyo ni vitu ambavyo mtu huwa anajiandaa kuvisema mwenyewe, siku yake ikifika.

Na si ninyi wawili tu. Dada wa kazi naye yumo mle, na shemeji pia. Hawajaambiwa kitu, lakini nyayo zao zinaonekana. Waambieni.

Kabla hujawasha moto

Tuseme umeingia kwenye kumbukumbu na umekuta jina la tovuti ya kutafuta wachumba. Moyo paa! Subiri kwanza.

Kumbukumbu inaonyesha jina la tovuti, si ukurasa. Utaona YouTube, hutajua video gani. Utaona WhatsApp, hutasoma ujumbe hata mmoja. Isitoshe, tovuti moja ya habari inaweza kuita majina mengi ya matangazo ambayo msomaji hakuyagusa. Vivinjari vingine huuliza anwani za viungo vilivyo kwenye ukurasa hata kabla mtu hajabonyeza, ili mambo yaende haraka. Programu nazo huuliza zenyewe wakati simu iko chaji na mwenyewe kalala. Halafu kama vifaa havijatajwa kwa majina, huwezi kujua kama ilikuwa simu ya mumeo au ya shemeji.

Kwa kifupi, jina kwenye orodha si ushahidi. Ukiwa na wasiwasi na mwenzio, muulize yeye, usiulize ruta. Wazee walishasema, ukimchunguza sana bata huwezi kumla.

Mkae chini, mkubaliane

Jioni moja, watoto wamelala, zimeni televisheni mpitie haya pamoja:

• Tunachuja kwa ajili ya nani? Kama ni mtoto, wekeni sheria kali kwenye tableti yake. Huduma nyingi zinakubali kutenganisha vifaa au kutengeneza mipango miwili.

• Nani mwenye akaunti? Awe mmoja, lakini mwingine awe mhariri tangu siku ya kwanza. Nyumba isisimame kwa sababu mtu mmoja kasafiri.

• Je, tunahitaji kumbukumbu kweli? NextDNS inakuruhusu kuzizima kabisa au kupanga zifutwe baada ya muda mfupi. Chujio litaendelea kuzuia hata bila kuandika.

• Tukiziacha, tunazisoma lini? Afadhali pamoja, na kwa kifaa cha mtoto tu. Kuchungulia peke yako chooni usiku wa manane si malezi.

• Tumeweka uthibitisho wa hatua mbili? Uwekeni, kila mmoja kwenye simu yake.

Mkiona yote haya ni mzigo, ipo njia isiyo na akaunti. Tangu Aprili 2020 Cloudflare ina huduma ya bure ya familia: unaandika 1.1.1.3 kwenye ruta, na tovuti za ngono na za virusi zinazuiwa. Hakuna paswedi, na hakuna ukurasa wa mume kumsoma mke wala mke kumsoma mume. Kasoro yake ni kwamba ikizuia tovuti kimakosa, huna pa kuifungulia.

Na mkiachana?

Hakuna anayependa kulifikiria hili, lakini tuseme ukweli. Wapenzi wanatengana, na mmoja anahama na simu yenye ufunguo wa nyumba ya mwenzie. Mkiwa mlitumia paswedi moja, itabidi ubadilishe kila kitu. Kama kila mtu alikuwa na ruhusa yake, unamwondoa kwenye orodha, imekwisha. Na wewe uliyehama, ukigundua bado unaweza kuingia, toka. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini.

Wenye watoto pamoja wanaweza kubaki wazazi hata wakiishi nyumba mbili. Hapo ruhusa hizi zinasaidia sana: wote wahariri wa mpango wa tableti ya mtoto, na hakuna anayeona waifai ya nyumba ya mwenzie.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kumpa mtu paswedi au kumnyima, mwulize mwenzio swali moja: ungependa nione nini, na nini ungependa unieleze mwenyewe? Jibu lake ndilo liwaonyeshe ruhusa ya kubonyeza.